Meli Iliyotengeneza Manowari Nyingine

Lori likivunjika mhimili mbali na mji, mwenyewe ana njia mbili: kulivuta mpaka kwenye karakana, au kumleta fundi na vyombo vyake pale lilipolala. Mambo ya manowari ni hayo hayo, ila bahari ni pana mno, na mahali pa kutengenezea huenda pakawa mbali safari ya majuma. Kwa sababu hiyo mataifa yenye manowari nyingi huwa na meli ambazo kazi yake si kupigana, bali kutengeneza. Ndani yake mna tanuri za kuyeyushia chuma, mashine za kuchongea, waashi wa mabati, maseremala, mafundi wa umeme na wazamiaji.

Mojawapo ilikuwa Vestal ya Marekani. Iliundwa Brooklyn, New York, ikashushwa majini mwaka 1908, na kwanza ilichukua makaa ya mawe ya manowari. Mwaka 1913 ikageuzwa kuwa karakana ya baharini. Katika Vita Kuu ya kwanza ilifanya kazi Queenstown, Ireland, na mwaka 1925 na 1926 ilisaidia kuinua nyambizi S-51 iliyokuwa imegongwa ikazama.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941, Vestal ilikuwa imefungwa ubavuni mwa manowari kubwa Arizona, bandarini Pearl Harbor, Hawaii. Ndege za Wajapani zikatokea ghafula. Mabomu mawili yakaipata Vestal, kisha baruti ya Arizona ikalipuka kwa kishindo kilichowarusha watu wa Vestal baharini, pamoja na nahodha wao, Cassin Young. Hakuna ambaye angemlaumu kama angeogelea kwenda pwani. Yeye aliogelea kurudi melini, akakuta amri ya kuiacha meli imekwisha kutolewa, akaitangua.

Wakati huo watu sita wa Arizona walikuwa wamezingirwa na moto juu ya mlingoti. Baharia mmoja wa Vestal, Joe George, aliwatupia kamba. Aliambiwa aikate, maana meli ilitaka kuondoka. Hakuikata mpaka wote sita walipovuka kwa mikono, miali ikiwaka chini yao. Wawili walikufa baadaye kwa majeraha. George mwenyewe alipewa nishani mwaka 2017, akiwa amekwisha kufariki.

Vestal ikavutwa kutoka kwenye moto. Maji yalikuwa yakizidi kuingia, basi Young akaipandisha makusudi kwenye maji machache ya Aiea isije ikazama. Alipata nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Marekani. Mafundi wake waliitengeneza meli yao wenyewe, kwa kuwa karakana za bandarini zilielemewa, na baadhi yao walikwenda kutoboa chuma cha manowari Oklahoma iliyopinduka, ili kuwatoa wenzao waliofungiwa ndani.

Mwezi Agosti 1942 Vestal ilipelekwa Tonga, kisha Nouméa. Huko ililetwa Enterprise, meli ya kuchukua ndege, iliyopigwa mabomu tarehe 26 Oktoba. Ilikuwa ikihitajiwa upesi vitani, hata ikang'oa nanga tarehe 11 Novemba mafundi wa Vestal wakiwa bado ndani yake wakipiga nyundo. Siku mbili baadaye Young, aliyekuwa sasa nahodha wa San Francisco, aliuawa vitani karibu na Guadalcanal.

Meli yake ya zamani ilikaa Espiritu Santo karibu mwaka mzima. Hesabu yake huko ni kazi 5,603, kwa meli 279. Baadaye ikazifuata manowari hatua kwa hatua, Funafuti, Majuro, Ulithi, hata visiwa vya Kerama karibu na Okinawa mwaka 1945. Iliondolewa kazini tarehe 14 Agosti 1946, na mwaka 1950 ikauzwa kuwa chuma chakavu.