Kigae, Marumaru na Kauri: Kuitaja Sakafu kwa Jina Lake

Neno sakafu tumelipata katika Kiarabu, ambako maana yake ni paa. Wajenzi wa pwani waliojenga kwa mawe na chokaa walilitumia kutaja tabaka la kokoto na chokaa lililopondwapondwa juu ya boriti za mikoko. Tabaka hilo lilikuwa dari kwa aliyeketi chini na mahali pa kukanyaga kwa aliyekuwa ghorofani. Hivyo neno likashuka kutoka kichwani hadi miguuni, wala halikumletea mtu hasara, kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwa kimoja.

Hali si hiyo kwa maneno yanayotaja vitu vinavyotandazwa juu ya sakafu siku hizi. Dukani na kwa mafundi, karibu kila kipande cha mraba chenye kung'aa huitwa marumaru, au tailizi. Katika mazungumzo hayo si kosa kubwa, maana muuzaji na mnunuzi wanakitazama kitu wakikizungumza. Lakini katika hati ya zabuni au mkataba, msomaji hana anachokiona ila neno.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kutafsiri masharti ya ujenzi wa nyumba ya wauguzi. Matini ya asili ilitaja vitu vitatu mbalimbali. Yeye akaviandika vyote "marumaru". Mkandarasi aliyesoma tafsiri hiyo alitandaza vigae vya kung'aa vya aina moja kuanzia sebuleni hadi barazani. Mvua za kwanza ziliponyesha, muuguzi mmoja aliteleza barazani akavunjika mkono. Mkandarasi alifungua mkataba akaonyesha kwamba hakuvunja sharti hata moja. Alisema kweli. Kosa lilikuwa la mfasiri.

Kwa hiyo inapendekezwa istilahi zifuatazo zitofautishwe.

(a) Kigae (vi-). Kwa asili ni kipande cha chungu kilichovunjika. Baadaye neno likapewa vipande vya udongo wa kuchoma vinavyoezekea nyumba. Litumike kuwa jina la jumla, nalo lifuatwe daima na mahali: kigae cha paa, kigae cha ukuta, kigae cha sakafu. Tofauti hii si ya maneno matupu. Kigae cha ukuta kwa kawaida ni chepesi na hunyonya maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Kikiwekwa sakafuni hupasuka upesi kwa vishindo na uzito wa samani.

(b) Kigae cha kauri. Kauri ni neno letu la zamani kwa udongo mweupe wa sahani na vikombe vya Kichina. Litumike kwa kigae kilichochomwa kwa moto mkali hadi kikashikamana, kisichonyonya maji zaidi ya asilimia 0.5. Kipimo chake ni rahisi kueleweka: kigae hupimwa uzito kikiwa kikavu, kisha hupimwa tena baada ya kushibishwa maji.

(c) Marumaru. Libaki kuwa jina la jiwe lichimbwalo ardhini. Jiwe hili lina asili ya chokaa, kwa hiyo ndimu na siki hulila na kuacha mabaka yasiyofutika kwa kitambaa. Anayeandika "marumaru" kwa ajili ya jikoni, hali anakusudia kauri, anamwagiza mjenzi alete kitu cha ghali zaidi kisichofaa mahali hapo.

(d) Terazo. Ni vipande vya marumaru vilivyochanganywa na saruji, vikamwagwa, kisha vikasuguliwa hadi vikawa laini. Majengo mengi ya umma yana sakafu hii. Kwa kuwa humwagwa papo hapo, isiitwe kigae, isipokuwa imetengenezwa vipande kiwandani.

Baada ya jina la kitu, hutajwa uso wake. Maneno ya kawaida yanatosha: uso wa kung'aa, uso usiong'aa, na uso wa kukwaruza. Sebuleni na chumbani, ambako miguu huwa mikavu, uso wa kung'aa hauna madhara makubwa, tena huongeza mwanga. Jikoni panafaa uso usiong'aa, kwani mafuta yakidondoka hayageuki mtego. Bafuni, barazani na kwenye ngazi za nje ni uso wa kukwaruza tu. Bafuni pia vigae vidogo hufaa zaidi kuliko vikubwa: hufuata mteremko wa kuelekea kwenye tundu la maji bila kukatwakatwa, na viungo vyake vingi huupa mguu mahali pa kushika.

Vigae vyenye gamba la kioo huongezewa daraja la kuhimili msuguano, kuanzia 0 hadi 5. Daraja la 0 si la kukanyagwa kamwe. Mlangoni, ambako viatu huingia na mchanga, itajwe daraja la 4 au la 5. Mfasiri asiiache namba hiyo kwa kudhani ni mapambo ya kiwanda.

Rangi ya ukuta, ya milango na ya saruji ya kujazia viungo na ilingane kwa kadiri ya hiari ya mwenye nyumba. Hapo lugha haina amri. Amri yake ni kwamba katika maandishi rasmi kila sakafu itajwe kwa mambo manne: chumba, kitu, uso na daraja. Kwa mfano: "Baraza: vigae vya sakafu vya kauri, uso wa kukwaruza, daraja la 4."

Walimu wa ufundi wanaombwa kuwazoeza wanafunzi mpangilio huu, na wafasiri wasione haya kumwuliza fundi kabla ya kuandika. Sentensi hiyo ya mfano ina maneno kumi na moja na namba moja tu. Ingalikuwamo katika mkataba ule, mkono wa yule muuguzi ungalisalimika.