Seva Ikizimika, Anzieni Ukutani
Katika kituo cha afya chenye seva yake ya mfumo wa GoTHOMIS, seva ikizimika mgonjwa hukwama dirishani, kumbukumbu zake zisionekane. Kabla ya kumwita Afisa TEHAMA kutoka Ilongero, watumishi wanaombwa kuchomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ikichaji, wakague waya, kisha UPS. Seva inayozimika papo hapo umeme unapokatika, mara nyingi betri ya UPS imechoka. Nyingi hudumu miaka 3 hadi 5. Printa ya leza isiunganishwe humo, achilia mbali birika la chai. Umeme ukirejea, wasubiri dakika chache utulie ndipo wawashe. Pawa saplai wasiifungue: hata ikichomolewa, huhifadhi umeme wa kudhuru.