Mwezi ndio hupanga bei ya sambaza Goma

Anayeuza dagaa waitwao sambaza mjini Goma huanza hesabu zake kwa kutazama juu. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi mingi hubaki imefungwa ufukweni. Kwa siku kadhaa sambaza wabichi huadimika katika soko la Kituku na bei hupanda. Usiku wa giza ukirudi, Ziwa Kivu huwaka taa mfano wa mji wa pili, na alfajiri akina mama hushuka majini na mabeseni yao kungoja mitumbwi.

Chombo chenyewe cha kuvulia ni mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa nguzo ndefu za miti, na wavu mkubwa unaning'inia chini yake. Jua likizama hupigwa makasia hadi maji ya kina, mara nyingi kwa nyimbo, kisha taa huwashwa. Zamani zilikuwa karabai; siku hizi ni taa za betri. Sambaza hukaa chini mchana kutwa, na jioni hupanda kufuata vijidudu vya majini anavyokula. Akifika juu huvutwa na mwanga, wavu huinuliwa, hushushwa tena, huinuliwa tena. Usiku mmoja huwa na mitego kadhaa, na inayohitajika ni mikono ya watu kumi hivi.

Samaki huyu ni mgeni Kivu. Ziwa hili lina kina cha mita 485, lakini chini ya mita 60 hadi 70 hakuna oksijeni. Kule chini kumejaa gesi ya kaboni dioksidi na methani, wala samaki hawezi kuishi. Aina za samaki zinazojulikana humu hazizidi 30 hivi, ilhali Tanganyika lina mamia. Zaidi ya hayo, maji ya katikati hayakuwa na samaki yeyote wa kula vijidudu vile. Kati ya 1958 na 1960 watawala wa Kibelgiji walisafirisha vifaranga zaidi ya 50,000 wa dagaa kutoka Tanganyika na kuwamwaga Kivu. Walikuwa wa aina mbili. Ikashika moja tu, ile ambayo wataalamu huiita Limnothrissa miodon na Goma nzima huiita sambaza.

Si wote waliofurahia. Mwaka 1986 mtaalamu wa Ubelgiji, Henri Dumont, aliandika kwamba mgeni huyu amewamaliza vijidudu wakubwa wa ziwa, na akahofia kwamba uvuvi wenyewe ungeporomoka kwa kukosa chakula. Kuhusu vijidudu hao wakubwa alikuwa sahihi. Uvuvi haukuporomoka. Karibu miaka 40 baadaye, sambaza bado ndiye kitoweo ambacho familia ya kipato kidogo inaweza kununua kwa kikombe kimoja, ikamkaanga kwa mawese na kumla kwa ugali na mboga ya sombe.

Majira nayo yana neno lake. Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kiangazi hukoroga tabaka la juu la ziwa na kupandisha virutubisho vilivyokuwa vimetuama. Mimea midogo huchipuka, vijidudu hufuata, na sambaza hupata shibe. Jua la miezi hiyo ni faida nyingine, maana samaki hukauka haraka. Kipindi cha mvua kubwa, Machi hadi Mei, muuzaji aliyeanika mzigo wake chini ya mawingu anaweza kuupoteza wote kwa siku moja. Mbichi asiyeuzwa asubuhi huharibika, na kwa mchuuzi asiye na barafu saa sita mchana ni mbali mno.

Sambaza hana soko peke yake. Kutoka Vitshumbi na Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward ndani ya Hifadhi ya Virunga, huja tilapia; kutoka nchi za mbali huja samaki waitwao thomson, wa barafu, na makayabo, samaki wa chumvi. Lakini mizigo hiyo yote hutegemea barabara, na barabara za Kivu Kaskazini hufungwa na vita mara kwa mara. Sambaza huvuliwa mbele ya mji. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, biashara inayoanza kwa beseni moja na kulipwa taslimu alfajiri imekuwa na uzito mkubwa kuliko zamani, ingawa mnunuzi mwenyewe amebaki na fedha kidogo.

Kwa sambaza mwenyewe, hatari iliyo karibu zaidi iko ufukweni. Sambaza hutaga kwenye maji ya kando, na vifaranga hukulia hapo hapo. Anayekokota chandarua cha mbu kandokando ya ziwa hazoi samaki, anazoa mavuno ya miezi ijayo. Kwa kuwa sambaza huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, hasara hiyo huonekana upesi. Habari njema ni kwamba hata nafuu huja upesi, vifaranga wakiachwa.

Rwanda hufunga uvuvi upande wake kwa miezi miwili hivi kila mwaka ili samaki wakue. Ziwa ni moja, na sambaza hajui mpaka, kwa hiyo pumziko la upande mmoja ni nusu ya dawa. Burundi, Kongo na Rwanda zina mamlaka ya pamoja ya bonde la Ziwa Kivu na Mto Ruzizi, ABAKIR, na hapo ndipo kalenda moja ya kufunga ziwa ingepaswa kujadiliwa. Mjadala huo lazima umguse mpiga kasia wa Goma, ambaye hulipwa kwa sehemu ya samaki waliopatikana usiku ule. Yeye tayari hukaa bila kipato kila mwezi unapokuwa mpevu. Kumwambia akae miezi miwili, bila kumwonyesha watoto wake watakula nini, ni kumrudisha ufukweni na chandarua.