Injini Chini ya Viti

Crianlarich ni kijiji kidogo katika milima ya Scotland, na stesheni yake ingekuwa ya kupitwa tu kama si kazi moja inayofanyika pale. Treni iliyotoka Glasgow inasimama, inakatwa katikati, na baada ya dakika chache nusu moja inashika njia ya Oban, nusu ya pili inaelekea Fort William na Mallaig. Abiria aliyekaa behewa silo ataiona bahari, ila si ile aliyoifuata. Hakuna kichwa kinacholetwa kuvuta kipande kilichobaki. Kila kipande kina injini zake na chumba cha dereva huku na huku.

Hii ndiyo DMU, treni ya dizeli isiyo na kichwa. Wakazi wa Nairobi wanaifahamu: tangu mwaka 2020 wanapanda treni za aina hiyo zilizotumika kwanza katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, ambako reli nayo ina upana wa mita moja. Lakini ukitaka kuona ukoo mzima wa treni hizi, pamoja na ndugu waliofaulu na waliosumbua, nenda Uingereza ukautazame ukoo wa Sprinter.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la reli la taifa, British Rail, lilikuwa na mamia ya treni za dizeli za miaka ya 1950. Zilikuwa zimechoka, na nyingi zilijengwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake huua mapafu. Fedha hazikuwapo. Shirika lilijaribu kwanza treni ya kifahari yenye mtambo wa kuzalisha umeme ndani yake, Class 210, likaiona ni ghali mno. Likajaribu pia njia ya mkato: bodi la basi la Leyland juu ya magurudumu manne, kama behewa la mizigo. Hizo ziliitwa Pacer, na waliozipanda hawajasahau zilivyoruka na kupiga kelele kwenye kona. Sprinter ilizaliwa katikati ya makosa hayo mawili. Ilikuwa na bogi za kawaida (fremu za magurudumu zinazogeuka chini ya behewa), bodi la kawaida na injini ya kawaida.

Hiyo injini ndiyo siri yenyewe. Ni Cummins ya lita 14, ya jamii ileile inayonguruma ndani ya malori, ila hapa imelazwa ubavu ili ienee chini ya sakafu. Katika toleo la kwanza, Class 150, kila behewa lina injini moja ya nguvu farasi 285. Mabehewa mawili, injini mbili. Moja ikizima njiani, nyingine inakufikisha, japo kwa kujikongoja. Dereva hana klachi. Katika nyingi ya treni hizi, injini huzungusha pangaboi ndani ya giaboksi iliyojaa mafuta, mafuta hayo yanasukuma pangaboi ya pili, na ya pili inazungusha shafti iendayo kwenye ekseli. Ndiyo maana treni huondoka polepole bila kushtuka, huku injini ikipiga kelele nyingi kuliko mwendo wenyewe. Aliyekaa katikati ya behewa huisikia kwenye nyayo.

Faida ya treni isiyo na kichwa inaonekana mwisho wa njia. Treni ya kichwa ikifika, kichwa hufunguliwa, hupelekwa kwenye reli ya pembeni na kurudishwa upande wa pili. Hiyo inataka reli ya ziada, watu na muda. Dereva wa Sprinter huchukua begi lake, hutembea hadi chumba cha nyuma, na nyuma inakuwa mbele. Kwa njia ya mashambani yenye abiria sitini, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama njia itaendelea au itafungwa.

Ukoo ukakua haraka. Class 150 zilitoka York kuanzia mwaka 1984. Mwaka 1987 watengenezaji wa mabasi wa Leyland, mjini Workington, walianza kutoa Class 155, na Metro-Cammell wa Birmingham wakatoa Class 156, treni 114 za chuma, ngumu kama punda. Kwa maoni yangu hizo za mwisho ndizo bora za ukoo wote, na ndizo zilizokabidhiwa milima ya Scotland. Za Leyland zilipata mkasa wa ajabu. British Rail iligundua kwamba kuna njia ambazo hata mabehewa mawili ni mengi, basi 35 kati ya treni 42 zikatenganishwa, na kila behewa likaongezewa chumba cha dereva upande uliokuwa wazi. Zikapatikana treni 70 za behewa mojamoja, Class 153. Nafasi ya chumba hicho kipya haikuwapo tangu mwanzo, kwa hiyo dereva amebanwa kama konda wa daladala saa ya jioni.

Kisha akaja mtoto wa mjini, Class 158, kutoka Derby, kuanzia mwaka 1989. Bodi la alumini, viyoyozi, mwendo wa kilomita 145 kwa saa badala ya 120, na breki za kisasa za diski. Breki hizo zikaleta tatizo ambalo wengi hawakulitarajia.

Ili kulielewa, ujue kwanza jinsi reli inavyojua treni iko wapi. Katika sehemu nyingi mkondo hafifu wa umeme hupita kwenye reli mbili na kushikilia swichi ya ishara. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake huunganisha reli hizo mbili, umeme unakatishwa njia, swichi inaanguka na taa ya ishara iliyo nyuma ya treni inakuwa nyekundu. Kila kitu kinategemea chuma kugusa chuma. Sasa, majani ya miti yanayopukutika kabla ya baridi husagwa na magurudumu na kuwa utando mweusi mgumu, na utando huo huzuia umeme. Sprinter za zamani zilifunga breki kwa kubana kipande cha breki kwenye uso wa gurudumu lenyewe, kwa hiyo kila zilipopunguza mwendo zilikuwa zinajisugua. Diski haisugui uso wa gurudumu. Class 158, nyepesi na yenye magurudumu machafu, ikawa inapotea: ipo relini, lakini kwenye chumba cha ishara njia inaonekana tupu.

Sijui hatari kubwa kuliko hiyo kwenye reli. Kwa muda mafundi waliunganisha behewa la 158 na la 156, ili magurudumu ya ndugu mkubwa yafanye kazi ya kuonekana kwa niaba ya wote wawili. Dawa ya kudumu ikawa kifaa kinachofungwa kwenye bogi na kuchochea volti ndogo kati ya gurudumu na reli, kiasi cha kuupenya utando. Aliyebadilisha breki alidhani amegusa breki tu, kumbe amegusa na ishara.

Kuhusu mustakabali wa ukoo huu, mwaka 2018 waziri wa reli wa Uingereza alitaka treni zinazotegemea dizeli pekee ziondoke kufikia mwaka 2040. Class 156 iliyotengenezwa mwaka 1989 ikifika huko itakuwa na miaka 51. Na kutoka Helensburgh hadi Mallaig, hadi leo, hakuna waya wa umeme juu ya reli.