Wodi Nzuri Hupimwaje?

Mimi ni muuguzi, na nikisikia mkubwa akisema mazingira yetu ya kazi ni mazuri, huuliza: yamepimwa na nani? Kipimo kimoja kinachotumika sana duniani kilichapishwa mwaka 2002 na Eileen Lake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Kina sentensi 31. Muuguzi husoma kila moja na kujibu kama jambo hilo lipo kazini kwake, kuanzia 1, sikubali kabisa, hadi 4, nakubali kabisa.

Marumaru na rangi ya ukuta havimo. Kinachoulizwa ni kama wauguzi wanatosha, kama wanashirikishwa katika maamuzi ya hospitali, kama msimamizi huwatetea hata wanapopingana na daktari. Hilo la msimamizi ndilo ningelitazama kwanza. Zamu ya usiku yenye wagonjwa tele huvumilika ukijua kuna wa kukutetea.

Jibu la mmoja halitoshi, huenda kaamka vibaya. Hukusanywa ya wengi, yakatafutiwa wastani wa hospitali nzima. Na yasiwe na majina, jamani: fomu zikipitia mezani kwa matroni, wote tutakuwa na furaha.