Milango ya kompyuta na programu za michoro

Katika mazoezi ya kutafsiri maandishi ya kompyuta huzuka ubishi: ile njia yenye namba ambayo prosesa hupitishia amri kwenda kwenye kifaa, iitwe bandari au mlango? Sisi tunachagua mlango. Mlango una mwenye ufunguo, na hapo ndipo penye suala lenyewe.

Prosesa za Intel za jamii ya 80386, iliyotoka mwaka 1985, zina nafasi ya milango 65,536. Kadi ya skrini hutumia michache tu. Diski, kibodi na saa zina yao. Kwa kawaida ni kiini cha mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayosimamia mashine, kinachoruhusiwa kuigusa. Programu nyingine ikijaribu, prosesa hukataa na kiini huifunga.

Lakini seva ya X, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyochora madirisha kwenye Linux na OpenBSD, ilitaka kuzungumza na kadi moja kwa moja. Linux ina njia mbili za kuiruhusu. Wito wa ioperm hufungua mlango mmoja mmoja, kwa jedwali lenye biti moja kwa kila mlango, jumla kilobaiti 8. Wito wa iopl hufungua yote kwa mkupuo. Tena, kabla ya toleo la 5.5 la mwaka 2020, uliipa programu uwezo wa kuzima ishara ambazo vifaa hutuma kwa prosesa, hata mashine nzima ikaweza kuganda. Seva ya X ilitumia iopl, tena kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Ni kama kumpa fundi rangi funguo za nyumba nzima kwa sababu anapaka ukuta wa sebule!

Hatari hiyo haikuwa ya kufikirika. Mwaka 2006 mtafiti Mfaransa, Loïc Duflot, aliichukua OpenBSD, mfumo unaosifika kwa usalama. Kwa ruhusa zilezile ilizopewa seva ya X, yaani milango pamoja na eneo la kumbukumbu la video, aliingiza amri zake katika hali ya prosesa ambayo kiini hakiioni, akashusha kinga ya mfumo.

Je, kuhesabu milango kungetosha? Hapana. Kadi nyingi huweza kusoma na kuandika kumbukumbu kuu zenyewe, kwa hiyo anayeiamuru kadi huweza kufika mbali sana na skrini. Dawa ikawa kiini kuishika kadi chenyewe. Linux 2.6.29 ya Machi 2009 ilianza na kadi za Intel: programu hutaja ukubwa wa skrini inaoutaka, kiini hukagua, ndipo hugusa kifaa. Kuanzia toleo la 1.16 la mwaka 2014, seva ya X iliweza kuendeshwa bila mamlaka ya mkuu.

Kwa hiyo mfasiri aangalie tarehe ya matini yake. Katika maelezo ya zamani programu “hufungua” mlango; katika ya baadaye “huomba” kiini.