Kumkumbuka Bibi Aliyelala katika Bwana: Shukrani, Sala na Ukweli



Wapendwa waamini, katika parokia zetu za Tarime na Serengeti tunawazika mara kwa mara bibi walioishi miaka themanini, tisini na hata zaidi. Kaburi huchimbwa nyumbani, ng'ombe huchinjwa, akina mama wa WAWATA hufika na sare zao, na wasifu wa marehemu husomwa mbele ya umati. Siku arobaini zinapokaribia, wafiwa hutuuliza: "Baba, bibi yetu alisali maisha yake yote. Misa hii ni ya kumwombea au ni ya kushukuru?" Swali hili ni jema, na linastahili jibu lililo kamili.

Kwanza, tunashukuru. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo, hakusahau kuitaja imani iliyokaa kwanza katika Loisi, bibi yake (2Tim 1:5). Ndivyo ilivyo kwetu. Jimbo la Musoma lilipoundwa mwaka 1957, wengi wa bibi hawa walikuwa wasichana au mama wachanga. WAWATA ilipoanzishwa mwaka 1972, na maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua mwaka 1976 kuzipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ni wao waliofungua milango ya nyumba zao ili watu wapate mahali pa kusali. Walifundisha Rozari jikoni, waliwatembelea wagonjwa kwa miguu, na waliwalea yatima bila kuwahesabu.

Pili, tunaomba. Si vyema kumtangaza marehemu kuwa mtakatifu siku ya mazishi yake, kisha tukaacha kumwombea. Kanisa linafundisha kwamba wanaokufa katika neema ya Mungu, lakini hawajatakasika kikamilifu, hupitia utakaso kabla ya kuingia katika furaha ya mbinguni, na kwamba sala zetu zinawafaa (KKK 1030-1032). Yuda Makabayo alichanga fedha ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliokufa (2Mak 12:43-46). Kwa hiyo jibu la swali letu ni yote mawili: Ekaristi ni shukrani, na katika shukrani hiyo hiyo tunamkabidhi marehemu kwa huruma ya Mungu.

Tatu, tunasema ukweli. Hapa ndipo penye ugumu. Bibi wengi waliokuwa waaminifu kanisani ndio pia waliowapeleka binti zao kwa ngariba, wakiamini kwamba wanawapa heshima. Tunamkumbuka bibi mmoja ambaye, mwezi mmoja wa Desemba, alisimama katika jumuiya yake na kukiri jambo hilo hadharani, binti zake wakiwa wameketi pale pale. Aliwaomba msamaha, kisha akasema kwamba mjukuu wake hatakwenda. Msimu ule wote alilala mlangoni mwa chumba cha binti huyo. Alipofariki, baadhi ya ndugu walitaka habari hiyo iondolewe katika wasifu, wakiona ni aibu. Mjukuu yule ndiye aliyesimama akaisoma. Hakuna aliyepiga vigelegele. Lakini mama zake wadogo walisogea wakasimama karibu naye.

Tulijifunza kwamba wasifu unaoficha toba ya marehemu unaficha pia neema ya Mungu ndani yake. Hatumvunjii bibi heshima tunaposema kwamba alikosea na akageuka. Tunamwonesha kuwa Mkristo.

Basi, familia inayojiandaa kwa kumbukumbu ifanye nini? Iombe Misa, na wafiwa wapokee Kitubio kabla yake. Karamu iwe ya kadiri, isiwaachie watoto deni. Mmoja wa wajukuu akalie kiti cha bibi katika jumuiya, na mwingine awatembelee wagonjwa aliokuwa akiwatembelea. Wenye ugomvi wa shamba au wa mahari wapatanishwe, kwa kuwa bibi hakupenda kuona watoto wake wakisusiana. Tena, Desemba ikifika, nyumba yake iwe mahali salama kwa wasichana. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, na zipo nyumba za hifadhi kama ile ya Masanga, Tarime. Lakini hifadhi ya kwanza ni familia yenyewe.

Kwa bibi ambao bado wako nasi, tusisubiri msiba. Baba Mtakatifu Fransisko alianzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Siku hiyo tuwaendee, tukae nao, tuwaulize. Pengine wapo walio na neno ambalo wamengoja miaka mingi kulisema, na hakuna aliyeketi kuwasikiliza.

Marehemu wetu wote wapumzike kwa amani. Amina.